Fungu la Loisi

Mwinjilisti Nathanaeli alipofariki, wazee wa ukoo walikaa siku ya kumaliza matanga ili wagawe alichoacha, na alichoacha hakikuwa kingi. Mbuzi waligawanywa kabla chai haijapoa. Shamba lilikuwa la ukoo tangu awali, halikuwa na mjadala. Ikabaki pikipiki. Ilikuwa BSA ya Kiingereza, silinda moja, nzito kama ndama, iliyofika Kongwa pamoja na Waingereza waliokuja kulima karanga katika ardhi isiyotaka karanga. Walipofungasha virago waliiuza mnadani, misheni ikainunua, na baada ya kupita kwa wachungaji kadhaa ikamwangukia mwinjilisti, ambaye aliiendesha kati ya makanisa ya milimani Kibakwe kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa na Biblia, pampu ya upepo na moyo mzito wa kusamehe.

Watoto wa kiume walikuwa watatu, na wajomba nao walikuwa na haki yao. Hakuna aliyekubali mwenzake aichukue nzima. Kuiuza kulionekana aibu, kwani kaburi la mtumishi wa Mungu lilikuwa bado halijaota nyasi. Ndipo wazee, watu waliokuwa wamegawa nyama ya mafahali maisha yao yote na waliojua bila kuulizana kidari ni cha nani na paja ni la nani, walipofanya kwa mashine kile walichokijua kwa mnyama. Waliichinja. Injini, kwa kuwa ndiyo moyo, ilikwenda kwa Bartolomayo, mtoto wa kwanza. Fremu na tangi, yaani mifupa na tumbo, vilikwenda kwa Mazengo. Magurudumu, ambayo ni miguu, yalikwenda kwa mdogo wao. Wajomba walipewa bomba la moshi, na baadaye hakuna aliyeweza kukumbuka lilihesabiwa kuwa kiungo gani. Watu walimshukuru Mungu kwa busara ya wazee, wakala ubwabwa, wakaondoka na vipande vyao vichwani.

Loisi, binti pekee, hakupewa kitu. Binti angeolewa, na kipande cha pikipiki kingehamia ukoo mwingine. Ubwabwa uliokuwa ukiliwa alikuwa ameupika yeye.

Na ni kwa sababu hiyo hiyo Bartolomayo, miaka arobaini baadaye, alimwita yeye na si mwingine.

Loisi alisafiri kutoka Chamwino, ambako alikuwa amestaafu ukarani wa masjala, akamkuta kaka yake amelala katika nyumba ileile ya Kibakwe, chini ya dirisha linalotazama kilima cha kanisa. Kisukari kilikuwa kimeanza na macho, kikachukua mguu, na sasa kilikuwa kimefika kwenye figo. Aneth, binti wa mgonjwa, alimsogezea shangazi yake kigoda na kutoka nje bila kusema neno, kama mtu aliyekwisha kusikia mazungumzo hayo na kushindwa kuyazuia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Una vumbi la Mpwapwa, nalisikia mpaka huku. Macho yamekufa, pua ndiyo imebaki kuwa mwenyekiti."

"Basi mwenyekiti atavumilia. Nimeoga alfajiri."

"Umezeeka. Kigoda kimelia ulipokaa."

"Kigoda chako ndicho kimezeeka, kaka. Niambie ulichoniitia."

Bartolomayo akasema kwamba anataka pikipiki ya baba iwake.

"Pikipiki gani? Mliila."

"Tuliigawa, hatukuila. Injini iko chini ya kitanda hiki, ndani ya gunia, na kila mwaka nimekuwa nikiipaka oili. Vingine vipo kwa watu." Alipapasa blanketi akatafuta mkono wa dada yake, akaupata. "Naenda kwake, Loisi. Usijifanye hujui, daktari alikuambia wewe kabla ya kuniambia mimi. Nikifika kule baba hataniuliza habari za safari. Ataniuliza pikipiki iko wapi. Mimi ndiye mkubwa. Nilikaa pale ikakatwa mbele yangu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshapewa injini."

Loisi alikuwa Mwanglikana kwa mazoea na mwenye shaka kwa kazi. Maisha yake katika masjala yalimfundisha kwamba wafu hawaulizi chochote, ila walio hai ndio wanaokuja kuulizia mafaili yao.

"Mchungaji atakuambia kwamba kule hakuna pikipiki."

"Mchungaji hakumjua baba."

Bartolomayo akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo ya kawaida. Hakutaka kuipanda. Alitaka kuisikia ikipanda kilima cha kanisa, mara moja, kama ilivyokuwa ikipanda walipokuwa watoto. Mlio ule, alisema, aliujua kuliko sauti ya mama yao. Akiusikia atajua kwamba imekuwa nzima tena, naye atakuwa na la kumjibu mzee.

"Mazengo nikimwomba tangi atasema nataka kumpora kabla ya kufa. Wengine vilevile. Lakini wewe hukupewa kitu. Huna fungu, kwa hiyo huna unachokusanya. Watakuamini. Hata mimi nakuamini kwa sababu hiyo."

Aliyasema hayo kama sifa, na Loisi aliyapokea jinsi yalivyo.

Yeye naye aliukumbuka mlio, lakini kwa namna yake. Ulipotokea kule mlimani ulimpa binti wa jikoni muda wa kuchemsha maji na kusonga ugali kabla haujazimika uani, kwa kuwa mwinjilisti hakuwa mtu wa kusubiri chakula. Kama mlio ulikuwa mzito au mwembamba, wa polepole au wa haraka, asingeweza kusema. Wakati wavulana wakiusikiliza, yeye alikuwa ameinama akipuliza moto.

Alianza na Mazengo, aliyekuwa akiishi pembeni mwa mji wa Mpwapwa na ng'ombe wachache na malalamiko mengi. Fremu ilikuwa mlango wa zizi. Ilikuwa imefungwa kwa minyororo kati ya magogo mawili, na ng'ombe walikuwa wameisugua kwa mbavu zao hadi ikang'aa kuliko ilivyopata kung'aa chini ya misheni. Tangi lilikuwa ndani, juu ya kabati, limejaa mafuta ya taa. Bado lilikuwa na bonde ubavuni, pale mwinjilisti alipoanguka mtoni akivuka maji yaliyojaa.

"Anataka kuisikia?" Mazengo aliuliza. "Mtu asiyeona anataka kusikia. Na asiyesikia angetaka kuionja."

"Kaka, ni ombi la mgonjwa."

"Najua ni ombi la mgonjwa. Ndiyo maana naogopa. Mgonjwa akifa, vitu hubaki vilipo, na vilipo itakuwa uani kwake. Kesho binti yake Aneth ataniambia, baba mdogo, tangi hili lilikuwa hapa siku zote."

"Aneth ni mtoto wa kike. Hatapewa hata msumari. Unalijua hilo kuliko mimi."

Mazengo alikiri kwamba hilo lilikuwa na uzito. Hata hivyo alichukua msumari akachonga jina lake chini ya tangi, herufi kubwa, akapindisha ulimi kando ya mdomo kama mtoto wa shule. Akatoa sharti: tangi litakapokwenda Kibakwe kuwashwa, naye atakwenda, na litakaporudi atarudi nalo. Loisi alikubali. Ng'ombe walifungiwa kwa matawi ya miiba, nao walionekana kutoona tofauti.

Magurudumu yalikuwa Kibakwe kwenyewe, kwa Paulina, mjane wa mdogo wao. Moja lilikuwa likibeba mkokoteni wa maji. La pili, limebaki rimu na njiti zake bila tairi, lilikuwa likining'inia mbele ya kanisa, likigongwa kwa nondo kila Jumapili.

"Wifi, hilo si gurudumu tena," Paulina alisema. "Hilo ni sauti ya Bwana. Nenda ukawaambie wazee wa kanisa unataka kufunga sauti ya Bwana kwenye pikipiki."

"Lakini ni lako au ni la kanisa?"

"Ni langu. Nimewakopesha. Niandikie mahali kwamba ni langu."

Wazee wa kanisa walikutana, wakaomba, wakajadili, wakasema watakubali iwapo patapatikana badala yake. Loisi alinunua rimu ya lori kuukuu kwa mtu wa vyuma chakavu. Ilipotundikwa na kugongwa, ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, nao wazee wakashangaa kwa nini walikuwa wamevumilia ile nyembamba miaka yote hiyo. Hakuna aliyeisindikiza ile ya mwinjilisti ilipoteremshwa.

Kwa wajomba mambo yalikuwa mafupi. Mjukuu wa mjomba alikuwa mhunzi, akifua majembe na visu chini ya kibanda cha bati. Aliposikia bomba la moshi alicheka kwa adabu, akaingiza mkono ndani ya majivu ya tanuru akatoa kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja, kilicholiwa na moto pande zote.

"Hili ndilo, shangazi. Babu aliliingiza kwenye mivukuto liwe mdomo wa kupulizia. Kila mwaka linaungua kidogo, tunalisukuma mbele. Lilikuwa chuma kizuri. Limepika majembe ya kata nzima."

"Na lile kopo lake la nyuma?"

"Kopo tulikuwa tunatilia maji ya kuku. Lilitoboka zamani."

Loisi alikiweka kile kipande kwenye mkoba wake, bila kujua kitamfaa nini, akamshukuru mhunzi, akaenda kutafuta gari la kumpeleka Dodoma.

Masudi alikuwa na karakana Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, mahali ambapo pumba za mahindi zilielea hewani na kutua juu ya kila kilichopakwa grisi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na simu mbili, na alikuwa hajawahi kugusa BSA maishani mwake, jambo ambalo alifaulu kulificha hadi mchana wa siku ya kwanza.

"Mama, hii ni mali ya makumbusho."

"Sitaki iende makumbusho. Nataka ipande kilima kimoja."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu, kisha kila mtu achukue chake."

Masudi alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, akashika spana.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda licha ya oili yote ya Bartolomayo. Waliilowesha kwa dizeli hadi ilipokubali kutoka kwa nyundo na kipande cha mti. Ringi zake zilikuwa zimekatika. Masudi alipata nyingine za injini ya mashine ya kusaga, zenye ukubwa uliokaribiana, akazisugua kwa tupa huku akimsimulia Loisi habari za ndoa yake ya kwanza. Mchonga vyuma wa jirani alilainisha silinda. Sumaku iliyokuwa ikitoa cheche ilikuwa imechoka, haikuweza kuvuta hata sindano, ikawekwa kando, pakafungwa betri na koili. Kabureta ilikuwa imepasuka kama biskuti, pakafungwa ya pikipiki ya Kichina, kwa bamba la kuunganishia alilolikata mwenyewe. Alitaka kuongeza taa zenye mwanga mweupe, breki ya sahani na kioo cha kujitazamia. Loisi alikataa vyote, ila breki za zamani zilipewa viatu vipya vilivyokatwa kutoka kwenye vya lori, kwa kuwa Masudi alimkumbusha kwamba atakayeshuka nayo kilimani ni yeye fundi na si marehemu.

Kila kilichowekwa kilikuwa bora kuliko kilichotolewa. Masudi alilisema hilo mara nyingi. Lilikuwa kweli, na halikumfariji Loisi.

Likabaki bomba la moshi. Loisi alitoa kipande cha mhunzi kutoka mkobani, Masudi akakigeuza mkononi kama mtu aliyeonyeshwa jino la mtu asiyemfahamu.

"Yupo mtu Dar es Salaam anaagiza vitu hivi India," alisema. "Huko wanalitengeneza kama la zamani, kipenyo kilekile, kopo lilelile la kupoza mlio. Lakini linakuja kwa meli, mama. Halafu bandari, halafu forodha, halafu yule mtu mwenyewe ana maneno yake. Au nikufungie hii leo." Akainua eksozi ya bodaboda, fupi, inayong'aa. "Hii ina mlio wa kiume."

"Injini itaona tofauti?"

"Injini haioni kitu. Inatoa moshi tu. Swali ni lako, mama. Unataka iwake, au unataka iwe yenyewe?"

Asubuhi hiyo Aneth alikuwa amepiga simu. Baba yake alikuwa ameacha kula. Alikuwa akilala mchana, akizinduka anauliza neno moja, "Bado?", na kulala tena.

"Iwake," alisema Loisi.

Kwa vipimo vyote vya ofisi aliyoitumikia, lilikuwa jibu sahihi: ombi lilikuwa na ukomo wa muda, na mbadala ulikuwepo. Masudi akakata, akachomelea, akafunga. Ilipowaka, wauza mahindi walitoka madukani wakiwa na pumba kwenye nyusi, naye Masudi akapiga picha kwa simu zote mbili. Loisi alisimama karibu akijaribu kuokota ndani ya mlio ule kitu anachokifahamu. Hakuokota kitu. Alijilaumu mwenyewe, kwani hakuwahi kuusikiliza.

Pikipiki ilirudi Kibakwe juu ya Fuso iliyokuwa inafuata mahindi, na Mazengo, aliyepandia Mpwapwa, alikaa nyuma akiwa amelikumbatia tangi lililokwisha kufungwa, ili lisipate mkwaruzo mwingine usio wa baba yake. Paulina alikuwa akisubiri njiani. Alikagua magurudumu yote mawili, akahesabu njiti zake, akaridhika.

Walipanga hivi: Masudi angeiwashia chini, kwenye kijito, apande kilima cha kanisa, kisha aingie uani na kuzima. Loisi angekaa na mgonjwa. Aneth alikuwa amemwosha baba yake na kumvika koti la ibada juu ya fulana, akafungua dirisha. Bartolomayo alikuwa amejilaza kwa mto, kichwa amekielekeza nje, uso umekonda hadi ukafanana na wa mwinjilisti kuliko ulivyopata kufanana alipokuwa na afya.

"Wamefika wote?" aliuliza.

"Wote. Mazengo yuko uani. Paulina yuko uani."

"Wanalinda vitu vyao."

"Wanalinda."

"Ni sawa. Hata baba alikuwa akiifunga mnyororo kanisani."

Kutoka bondeni ukatokea mlio. Ulikuja mkali, mwepesi, wenye haraka, ukiruka juu ya mawe kama maharage yanayokaangwa. Bartolomayo aliinua mkono.

"Kuna bodaboda inapita. Aneth, mkimbilie, mwambie asubiri kidogo. Asije akaifunika."

Aneth alimtazama shangazi yake. Loisi hakusogea. Mlio ulipanda kilima, ukapita mbele ya kanisa, ukaingia uani ukatetemesha vikombe kwenye kabati, ukazimika.

"Amekuja kumchukua nani?" Bartolomayo aliuliza.

Nje Mazengo alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze ilikuwa sauti ya mtu mwenye furaha. "Umeisikia, kaka? Imepanda yote bila kusimama. Na tangi langu halikuvuja hata tone."

Mkono wa Bartolomayo ulibaki hewani muda mfupi, kisha ukashuka.

"Loisi."

"Naam, kaka."

"Ndiyo hiyo?"

Maelezo yote yalikuwa mdomoni mwake: mhunzi, mivukuto, meli kutoka India. Kipande chenyewe cha bomba kilikuwa mkobani, karibu na goti lake. Lakini aliona wazi yatakayofuata. Kaka yake angesema basi tungoje bomba la India, tutasubiri, na hakuwa na siku za kusubiria. Ukweli ulihitaji miezi, na miezi haikuwepo.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ni yenyewe."

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe huna fungu."

"Ni yenyewe, kaka."

Bartolomayo alilala akiyageuza maneno hayo. Nje Masudi alikuwa akimweleza Paulina ubora wa koili.

"Basi nimesahau," alisema hatimaye. "Nilidhani naujua kuliko kitu chochote duniani. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikisikia kitu nilichokitunga mwenyewe."

"Ni ugonjwa, kaka. Dawa zinaharibu masikio."

"Masikio yangu ni mazima. Nimesikia kigoda chako." Akameza mate kwa taabu. "Kama nimesahau mlio, sauti yake yeye mwenyewe nitaijuaje? Atapita mbele yangu akiniita, nami nitakaa tu, sitaitika. Ataona nimekataa."

Loisi alimshika mkono. Haukumshika.

Masudi alichungulia dirishani akauliza kama wanataka aizungushe tena, maana sasa imepata moto na itapanda vizuri zaidi. Bartolomayo aliomba dirisha lifungwe.

Katika siku zilizofuata Loisi alifungua mdomo mara kadhaa. Kukiri kungemrudishia kaka yake kumbukumbu yake, lakini kungemnyang'anya pikipiki, na pamoja nayo mtu mmoja aliyebaki wa kumwamini. Alilipima jambo hilo kwa makini, kama alivyokuwa akipima majalada mawili yenye namba moja, akasema moyoni kwamba angeamua asubuhi. Bado alikuwa akipima Bartolomayo alipokata roho, akiwa ameelekeza kichwa ukutani, upande usio na dirisha.

Wazee waliokaa siku ya kumaliza matanga hawakuwa wale wa zamani, wale walikwisha kuzikwa, lakini walikaa vilevile. Pikipiki ilikuwa uani chini ya turubai. Mtu mmoja, mwalimu, alipendekeza iachwe nzima iwe ukumbusho. Akaulizwa itakuwa ukumbusho nyumbani kwa nani. Akaketi.

Masudi aliitwa kutoka Dodoma kwa kuwa ndiye aliyejua ilivyofungwa. Paulina aliondoka na magurudumu yake. La mkokoteni lilirudi kwenye mkokoteni, lakini la kanisani halikuhitajika tena kanisani, akalitundika bandani litundikike tu. Mazengo alichukua fremu na tangi, akageuza tangi kuona jina lake, akaliona. Injini ilileta maneno. Bartolomayo hakuwa na mtoto wa kiume. Aneth alikuwa jikoni akipika ubwabwa, na hakuna aliyemwita. Baada ya kujadiliana wazee waliona kwamba moyo urudi kwa ndugu anayefuata, Mazengo akaupokea kwa unyenyekevu akaufunga kwenye gunia.

Chini, juu ya kipande cha turubai, vilibaki vitu ambavyo havikuwa katika mgawo wa kwanza: betri, koili, kabureta ya Kichina, ringi zilizosuguliwa kwa tupa, viatu vya breki, eksozi fupi inayong'aa. Masudi alikuwa amevifungua vyote kwa uangalifu. Wazee walivitazama. Havikuwa vya marehemu huyu wala vya marehemu yule. Havikuwa na mjomba wala mtoto wa kwanza.

"Nani alivileta hivi?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni vya dada Loisi," Mazengo alisema, kwa haki. "Alivinunua mwenyewe."

"Basi ni fungu lake," mzee akasema, na wengine wakaafiki, wakifurahi kwamba safari hii hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mmoja alimpongeza Loisi kwa kuwa binti wa kwanza wa ukoo kupata sehemu katika pikipiki ya mwinjilisti.

Aneth alimsaidia kuvitia ndani ya kiroba. Loisi alitoa kile kipande cha mhunzi kutoka mkobani, akakiweka juu, halafu akakitoa tena, akakirudisha mkobani.

Barabarani, akisubiri gari la Mpwapwa, alikaa juu ya jiwe na kiroba kati ya miguu yake. Eksozi ilikuwa imechomoza, ikimetameta juani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita alisimama akaitazama kwa jicho la mnunuzi.

"Shikamoo, mama. Hiyo eksozi ni ya mashine gani?"

"Marahaba. Ya bodaboda."

"Nilidhani ni ya kitu kingine. Nzuri lakini."

"Ya bodaboda," Loisi alirudia.

Kijana alisubiri kidogo kuona kama ataambiwa bei. Alipoona haambiwi, akawasha yake akaondoka, akapanda kilima cha kanisa. Loisi hakuwa na moto wa kupuliza. Aliusikiliza mlio ule kutoka mwanzo hadi ulipoisha upande wa pili, na haukuwa na tofauti yoyote na ule aliomwambia kaka yake kuwa ndio wenyewe.